Vita Vilivyozama

Baba mdogo alikuwa na mkono mmoja. Sisi watoto wa kijijini, pwani ya Tanga, tuliambiwa kwamba ule mwingine uliliwa na papa. Nilipokuwa mkubwa ndipo mama aliponiambia kweli: ni baruti, ilimlipukia kabla hajaitupa majini.

Nilimkumbuka niliposoma habari za Chuuk, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyokuwa vikiitwa Truk. Huko Wajapani waliweka kituo kikubwa cha manowari zao. Tarehe 17 na 18 Februari 1944 ndege za Marekani zilikishambulia, zikazamisha meli zaidi ya 40 na kuharibu ndege zaidi ya 200. Mabaharia wengi wamelala humo hadi leo.

Bahari haikuyaacha mabaki yale matupu. Matumbawe yalishika kwenye chuma, samaki wakafanya makao. Wapiga mbizi hutoka mbali kwenda kuyatazama, na wanaakiolojia huyapima wajue yanavyodhoofika, maana chuma huliwa na kutu, na tangi likitoboka mafuta huvuja.

Lakini ndani ya meli hizo yalibaki mabomu na makombora. Wako wenyeji waliozamia, wakayapasua, wakachukua baruti yake kuvulia samaki. Hivyo bomu lililotengenezwa kumwua askari likaja kuua mwamba, miaka mingi baada ya amani kutiwa sahihi. Mlipuko mmoja huua samaki mkubwa na mdogo pamoja, na huvunja matumbawe yakawa kifusi. Kifusi nacho husukwasukwa na mawimbi, na tumbawe changa halipati mahali pa kushika.

Wazee walisema, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Nami naongeza: tembo wakishaondoka, sisi nyasi twaweza kuokota pembe zao tukachomana wenyewe kwa wenyewe.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na wavu uliotoboka. Siku moja nilimwuliza kama aliujutia mkono wake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Kuukosa mkono nimeshazoea, mwanangu. Lakini ule mwamba niliupiga mwenyewe. Kila nikipita na ngalawa hutazama chini. Mpaka leo sijaona hata changu mmoja."