Bingwa Asiyefungwa Hujengwa na Sare

Kila msimu ukianza, mashabiki wa Arsenal pale maskani lazima watukumbushe 2003/04: mechi 38 za ligi, hawakufungwa hata moja. Sawa, tumesikia. Lakini hebu tufanye hesabu moja ambayo wengi huiruka.

Arsenal walishinda 26 na kutoka sare 12, jumla pointi 90. Chelsea, wa pili, walimaliza na 79. Sasa chukua zile sare 12 uzifanye vipigo: Arsenal wanabaki na 78. Ubingwa umekwenda! Yaani kombe halikuletwa tu na siku ambazo Henry anawapita mabeki kama wamesimama. Lililetwa pia na siku timu inacheza ovyo lakini inakataa kufungwa.

Mtu ataniambia hiyo ni Uingereza. Haya, tuje pwani yetu hii hii. Azam FC ya Dar es Salaam ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania 2008. Tangu Mtibwa Sugar ichukue ubingwa mwaka 2000, kombe lilikuwa la Simba na Yanga tu, wanapokezana kama mali ya urithi. Msimu wa 2013/14, walioumaliza chini ya kocha Joseph Omog kutoka Cameroon, Azam wakacheza mechi 26: ushindi 18, sare 8, vipigo sufuri. Pointi 62. Yanga walikuwa na 56. Toa zile pointi 8 za sare uone: 54. Azam wa pili, na historia haiandikwi.

Na ubingwa waliumalizia wapi? Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka nyumbani, kwa kuifunga Mbeya City 2-1.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kenya. Gor Mahia ya kocha Frank Nuttall ilimaliza mechi 30 za ligi ya 2015 bila kufungwa. Michael Olunga alitia mabao 19, na wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Technical University of Kenya. Kwa hivyo wale mnaosema mpira na masomo haviendi pamoja, tulieni kidogo. Lakini Gor hao hao, Agosti 2015, walifungwa 2-0 kwenye fainali ya Kombe la Kagame. Na nani? Azam. Ligi na kombe ni vitu viwili. Kombe unaweza kulibeba kwa wiki mbili za moto. Ligi inataka ufike uwanjani kila wiki, umechoka au hujachoka.

Hapo kwenye kufika ndipo sisi wa Amu tunapoumia. Vipaji tunavyo, nenda Twaif jioni ujionee mwenyewe. Lakini timu ya Faza au Siyu ikitaka kucheza Mombasa, safari inaanzia baharini: boti mpaka Mokowe, kisha barabara zaidi ya kilomita 300. Na ligi haijali bahari imechafuka au mafuta yamepanda. Usipotokea, pointi zinakwenda kwa mwenzako. Sare ya kung'ang'ania huipati ukiwa bado umekaa jeti.

Ndio maana mimi sikubali tukiambiwa vijana wa visiwani hawana nidhamu ya ligi. Nidhamu ina nauli yake. Azam walikuwa na kampuni nyuma yao, Gor wana mashabiki nchi nzima. Sisi tunapewa mashindano ya siku tatu, picha, kombe, kwaheri mpaka uchaguzi mwingine. Mashindano ya siku tatu hayamzoeshi mtu kuvumilia mechi 26.

Basi mheshimiwa akija tena na jezi mpya na mipira miwili, mpigie makofi, ni adabu yetu. Kisha muulize kwa upole: mafuta ya boti ya mechi za ugenini, msimu mzima, yako wapi?