Dari hubeba, jasi hubebwa

Muulize fundi nyumba imebakiza nini, atakujibu: "Silingi bodi." Neno hilo limeenea mno mijini hata dari linaanza kusikika kama neno la washairi. Mimi bado nasema dari, na nina sababu.

Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, dari ni kitu kinachobeba. Boriti za mikoko hulazwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, kisha watu wakaishi huko juu. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3.

Silingi bodi ya jasi (jina letu la jipsamu, madini yanayochimbwa hata Makanya, wilayani Same) haibebi. Hubebwa. Bodi ya milimita 12, mita 1.2 kwa 2.4, ina uzito wa kilo 25 hivi. Urefu wake ukatishe mbao za fremu, usizifuate, na mbao zenyewe zisiachane zaidi ya sentimita 40. Zikiachana 60, bodi ya kawaida huweza kubonyea, hasa wakati wa masika, kwa kuwa jasi hunyonya unyevu.

Unapopatana na fundi, usianze na bei ya bodi. Mwulize kwanza mbao zitaachana kiasi gani.