Kabati la Vitabu vya Kiingereza

Kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza wafanye nini ili Kiingereza chao kiimarike, nami huwajibu wasome sana. Jibu hilo ni sahihi, ila siku hizi nalitoa kwa aibu kidogo, kwa sababu naijua historia yake.

Historia hiyo inaanzia Bengal. Katika miaka ya 1920, Michael West, afisa elimu Mwingereza aliyefanya kazi Dhaka, aliwatazama wavulana walioacha shule mapema na kujiuliza wanaondoka na nini mkononi. Akaona kwamba stadi ya kusoma humfaa hata aliyesoma miaka michache. Akatunga vitabu ambamo maneno mapya huja machache machache, yakirudiwa katikati ya maneno ambayo msomaji anayajua tayari. Sharti la mbinu hiyo ni moja: kitabu kisimzidi mno msomaji wake.

Sisi tulilivunja sharti hilo kwa sera. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, kuanzia kidato cha kwanza. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliwapima wanafunzi wetu, wakaripoti kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wale wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingeweza kuanza. Kuanza, si kumalizika! Hata hivyo ripoti hiyo hiyo ilishauri Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Ukafuata mradi uliofadhiliwa na Uingereza, na sehemu yake kubwa ilikuwa kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa.

Sivibezi vitabu vile. Nilipoingia kidato cha kwanza miaka ya 1990, vilikuwa kabatini mwa shule yetu, na mwalimu alilifungua Ijumaa mchana. (Siku nyingine ufunguo ulikuwa haujulikani uliko.) Nilisoma visa vya mabaharia na wapelelezi, vyembamba, vyenye michoro, nikaelewa kila ukurasa. Ilikuwa furaha halisi. Jumatatu kilifuata kipindi cha biolojia, nami sikuweza kuvuka sentensi ya pili ya kitabu. Hadithi ilinipa neno moja geni na maneno mengi ya kunishika mkono. Biolojia iliyageuza mahesabu hayo juu chini. Tulinakili ubaoni, tukakariri, tukafaulu. Sikumbuki aliyeuliza kama tulielewa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani tatizo ni uvivu wa vijana kusoma. Kijana hujizoeza kusoma kwa kile anachokielewa. Hadithi ya Ijumaa haiwezi kufidia vipindi vya wiki nzima ambavyo mwanafunzi haelewi, na mradi ule, kwa nia njema au vinginevyo, ulitupa cha kuonyesha wakati swali la lugha ya kufundishia likiwekwa kando.

Kwa watumishi wa wizara wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo. Kabla ya kuagiza shehena nyingine ya vitabu, rudieni kipimo cha 1984 katika shule za kata, kisha tangazeni matokeo hadharani, kwa Kiswahili, ili wazazi nao wayasome.