Yule Dude wa Alien Alikuwa Mnigeria

Wadau, hata kama hujawahi kuiangalia Alien, lile dude unalijua. Jeusi, linadondosha udenda, kichwa kirefu kama ndizi mkono wa tembo, na ndani ya mdomo kuna mdomo mwingine. Lipo kwenye fulana, kwenye magemu, kwenye picha za utani mitandaoni. Mimi nimefika umri huu bila kugusa hata moja ya hizo muvi. Nilikuwa naziona ni za wazee. Ilipotoka Romulus mwaka 2024 watu wakaanza kubishana mtandaoni ipi kali kuliko ipi, nikaona nitabaki nje ya stori mpaka lini? Nikazishusha zote, nikaanza na ile ya kwanza kabisa ya 1979, nikaenda kwa mpangilio zilivyotoka.

Leo siwaletei uchambuzi wa muvi moja moja. Nilipomaliza ya kwanza nikaanza kutafuta nani alikuwa ndani ya lile vazi, na nilichokikuta ndicho kimenifanya niandike. Tahadhari: humu kuna kusimuliwa muvi. Ina miaka zaidi ya 45, msinilaumu.

Stori inaanza na jamaa ambaye hakuwa na hela. Anaitwa Dan O'Bannon, Mmarekani. Mwaka 1974 alikuwa ametengeneza muvi ya vichekesho vya anga na mwenzake John Carpenter, inaitwa Dark Star, na kiumbe wao wa sayari nyingine alikuwa ni mpira wa kuchezea ufukweni umewekewa miguu. Kweli kabisa, mpira. Bajeti haikuruhusu zaidi. O'Bannon akabaki na hamu ya kutengeneza kiumbe ambaye watu hawatamcheka.

Baadaye akaitwa Paris kwenye mradi mkubwa wa muvi ya Dune chini ya Alejandro Jodorowsky. Mradi ukafa kabla hata kamera haijawashwa. Jamaa akarudi Los Angeles hana nyumba, hana kitu, akawa analala kwenye kochi la rafiki yake Ronald Shusett. Kwenye kochi hilohilo ndipo wawili hao wakakuna vichwa na kutoa skripti iliyoitwa kwanza Star Beast, kisha ikawa Alien.

Sasa sikiliza hii. O'Bannon alikuwa na ugonjwa wa tumbo unaoitwa Crohn, unaoshambulia utumbo na kuleta maumivu makali. Unajua ile sehemu maarufu kuliko zote, jamaa yupo mezani anakula na wenzake, ghafla anaanza kujinyonga kwa maumivu, kifua kinapasuka na kadude kanatoka? Ile ilitokana na ugonjwa wake. Mtu alikuwa anahisi kuna kitu kinamla kwa ndani, akakiandika. Ugonjwa huohuo ndio uliomuua mwaka 2009.

Skripti ingeweza kuozea kabatini, ila mwaka 1977 Star Wars ikalipuka na studio ya Fox ikataka muvi nyingine ya vyombo vya angani haraka. Alien ndiyo iliyokuwepo mezani. Waandishi wengine, Walter Hill na David Giler, waliikarabati, na kiti cha mwongozaji akapewa Mwingereza Ridley Scott ambaye kabla ya hapo alikuwa na muvi ndefu moja tu. Scott akakaa akachora mwenyewe picha za muvi nzima, tukio kwa tukio. Studio walipoziona wakapandisha bajeti mara mbili, kutoka dola milioni 4.2 hadi 8.4. Vijana mnaojua kuchora, hapo mmesikia.

Sura ya dude ikatoka kwa mchoraji wa Uswisi, H.R. Giger, ambaye O'Bannon alimfahamu kule kwenye Dune iliyokufa. Michoro ya huyu mzee ukiionyesha nyumbani utaombewa. Scott alipoona mmoja wake akasema huyuhuyu, usibadilishe kitu. Giger akahamia studio za Shepperton, Uingereza, akawa anatengeneza dude kwa mifupa, mipira na mabomba. Mwaka 1980 yeye na wenzake wakabeba Oscar ya athari za picha.

Tatizo likabaki moja. Nani ataingia humo ndani? Scott hakutaka watazamaji wakiliangalia waseme "aah, mtu kavaa nguo." Alitaka mwili ambao jicho likiuona linakataa kwamba kuna binadamu. Mwembamba, mrefu kupita kiasi, mikono na miguu isiyoisha.

Mwaka 1978, kwenye baa moja mitaa ya Soho, London, wakala wa waigizaji anaitwa Peter Archer akamwona kijana mmoja mweusi aliyezidi mita 2 kwa mbali. Anaitwa Bolaji Badejo. Myoruba, mzaliwa wa Lagos, mwaka 1953. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa mwanafunzi wa sanaa ya usanifu wa michoro, kakaa zake anakunywa. Wakala akamuuliza kama angependa kuwa kwenye muvi.

Na msimfikirie kama mtu wa kuokotwa barabarani. Baba yake, Victor Badejo, alikuwa mkurugenzi mkuu wa shirika la utangazaji la Nigeria. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoivuruga nchi, familia ikahamia Ethiopia, na huko Bolaji akasoma sanaa. Akaenda Marekani, kisha London. Yaani kijana kazunguka dunia, msanii kabisa, na yule mtu wa kwanza duniani kuwa Alien alishapitia Addis Ababa kabla ya kufika Hollywood. Hii sikuwahi kuisikia popote.

Kazi yenyewe sasa. Wakampeleka darasani kujifunza tai chi na uigizaji wa kimya, wa kuongea kwa mwili tu, ili apunguze mwendo wake na kuufanya uwe wa ajabu. Vazi lilikuwa la mpira, limembana mwili mzima, na juu yake kuna kichwa kikubwa kilichojazwa mitambo na Carlo Rambaldi. Mkia ulimzuia kukaa kwenye kiti, hivyo wakamtengenezea bembea. Mapumziko yake yote alikuwa ananing'inia pale kama mtoto, wenzake wamekaa wanakunywa chai. Zile sehemu za hatari za kuning'inizwa na kudondoka walifanya wataalamu wengine, Eddie Powell na Roy Scammell, ila ukiliona dude linajikunjua polepole, linanyanyuka mpaka linajaza skrini, huyo ni Bolaji.

Muvi nzima ina karibu saa mbili, na dude zima linaonekana kama dakika 4 tu. Dakika nne, na mpaka leo watu wanaota.

Alipomaliza hakuigiza tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alirudi Nigeria, akafungua nyumba ya maonyesho ya sanaa. Tarehe 22 Desemba 1992 akafariki Lagos, ana miaka 39. Kilichomuua ni selimundu.

Hapo ndipo nilipoweka simu chini. Mdogo wangu ana selimundu. Tulikuwa tunaangalia wote, na yeye ndiye aliyekuwa anacheka kila nikiruka kwenye kiti. Wenye ndugu wa namna hii mnaelewa: joto kali, kuchoka, kukaukiwa maji, baridi ya usiku, vyote hivyo ni vitu vya kuchunga. Maji ya kunywa hayakosekani pembeni ya kitanda. Michezo ya shule anaangalia kwa mbali. Tanzania ni moja ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, pamoja na Nigeria, Kongo na India, kwa hiyo usijifanye hili haliko mtaani kwako. Halafu unasoma kwamba lile dude ambalo haliuawi, ambalo damu yake ni asidi inayotoboa chuma cha meli, ndani yake alikuwepo kijana ambaye damu yake mwenyewe ilikuwa inamsaliti. Nikamwambia dogo. Akanyamaza, akaniomba nirudishe nyuma pale dude linaponyanyuka. Tukaangalia mara tatu.

Haya, turudi kwenye muvi, maana kuna jamaa mwingine nisipomtaja nitakuwa nimewaibia. Fundi wa meli, Parker, kaigizwa na Yaphet Kotto, Mmarekani ambaye baba yake alitoka Kamerun. Sura yake wazee wa hapa wanaweza kuikumbuka, kwa sababu kwenye muvi ya televisheni ya 1977 kuhusu utekaji wa ndege Entebbe, Kotto ndiye aliyekuwa Idi Amin! Na Amin mwenyewe wakati huo alikuwa bado ikulu. Alien ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1979, kama wiki sita tu baada ya majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni kuingia Kampala. Mzee wangu mmoja mtaani anapenda sana kusimulia vita hivyo. Sasa na mimi nina cha kumjibu.

Parker ndiye mtu niliyempenda kuliko wote. Wenzake wanaamka kutoka usingizi mrefu wa safari, yeye anauliza bonasi. Yeye na mwenzake Brett wanafanya kazi chafu kule chini kwenye mabomba, ila mgao wao ni mdogo kuliko wa walioko juu. Meli inapopata ishara ngeni, Parker anasema wazi kwamba hii ni meli ya mizigo, si ya uokoaji, mimi sishuki. Anajibiwa kwamba mkataba unasema lazima, na ukikataa unapoteza malipo yako yote. Anashuka. Nimeshafanya kazi za mkataba wa miezi mitatu mitatu mahali fulani ambapo karatasi unasaini kabla hujasoma, kwa hiyo pale sikuhitaji tafsiri. Baadaye inagundulika kampuni ilijua kila kitu. Amri ilikuwa dude lifikishwe nyumbani salama, na wafanyakazi ni wa kutupwa. Kwangu mimi hiyo inatisha kuliko meno.

Na Ripley! Skripti ya awali iliandikwa wahusika wote kwa majina ya ukoo, ikaelezwa kwamba nafasi yoyote inaweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Akapewa Sigourney Weaver, mwigizaji wa jukwaani ambaye sinema zilikuwa hazimjui. Ndiyo maana hapigi kelele za kuokolewa na mwanamume. Anafuata utaratibu. Anakataa mlango usifunguliwe kwa mgonjwa kwa sababu sheria ya karantini ni hiyo. Wangemsikiliza muvi ingeisha dakika ya 40 na wote wangefika nyumbani.

Ile sehemu ya kifua nayo ina yake. Waigizaji waliambiwa kadude katatoka, ila hawakuambiwa damu itaruka kiasi gani. John Hurt kalala chini ya meza, kichwa na mikono tu ndivyo vyake, kifua ni cha bandia kilichojazwa matumbo ya wanyama kutoka buchani, na harufu yake ilikuwa balaa. Pampu zilipofunguliwa, damu ikampiga Veronica Cartwright usoni moja kwa moja. Ule mshtuko unaouona sio uigizaji.

Zilizofuata nitapita haraka. Aliens ya 1986, ya James Cameron, ni ya bunduki na wanajeshi, tamu sana, na Weaver akatajwa kwenye kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kitu ambacho muvi za aina hii zilikuwa hazipewi. Alien 3 ya 1992 ilianza kupigwa skripti haijakamilika, na mwongozaji David Fincher, ambaye ilikuwa muvi yake ya kwanza, mpaka leo haitaki. Mimi naipenda ile huzuni yake, nitukaneni. Ilitoka mwaka uleule aliofariki Bolaji. Ya nne, 1997, nilikuwa nachati. Prometheus ina picha nzuri na wanasayansi wajinga kuliko wote, mtu anakutana na nyoka wa sayari nyingine anataka kumpapasa.

Romulus imenirudisha pale pale kwa Parker. Binti anaitwa Rain amemaliza masaa yake ya kazi kwenye koloni la migodi, anaenda dirishani kudai ruhusa ya kuondoka, anaambiwa masaa yameongezwa, rudi kazini. Ukumbi mzima wa watazamaji ni vijana na kila mmoja akaguna.

Kama unaanza, anza na ya 1979. Zima taa, weka simu mbali, spika ziwe nzuri maana nusu ya woga upo kwenye ukimya. Ikiisha usifunge. Acha majina yapite mpaka kwenye orodha ya waigizaji, baada ya mastaa wote, upande mmoja pameandikwa Alien, upande wa pili Bolaji Badejo. Dogo ameipiga picha, ameiweka kwenye simu yake.