Homa si sawa na kulemewa na joto

Mgonjwa wa malaria huweza kutetemeka kwa baridi chini ya mablanketi mawili ilhali kipimajoto kinaonyesha nyuzijoto 40. Kinaya hiki kina maelezo yake.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayoamua kiwango cha joto la mwili, ambacho kwa kawaida ni karibu nyuzijoto 37. Vimelea vya malaria vinapopasua chembechembe nyekundu za damu, kinga ya mwili hutoa kemikali zinazoufanya ubongo kupandisha kiwango hicho. Mwili hujiona una baridi. Misuli hutetemeka ili kuzalisha joto, nayo mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto hilo lisipotee. Kiwango kikirejea chini, jasho humiminika.

Homa basi ni amri ya mwili wenyewe. Mnamo 1927, daktari Julius Wagner-Jauregg wa Austria alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kuwaambukiza malaria wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewafika ubongoni, ili homa iwatibu; tiba ambayo leo hakuna daktari angeithubutu.

Kwa watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, homa huweza kuleta degedege. Katika Pwani wapo wazazi ambao wamelihusisha na pepo au ndege wa usiku, mtoto akapelekwa kwa mganga kwanza. Muda huo unaopotea ndio hatari yenyewe, kwani degedege kwa mtoto mwenye malaria huenda likawa dalili kwamba ugonjwa umeingia ubongoni. Mtoto alazwe kwa ubavu, asitiwe chochote kinywani, kisha akimbizwe hospitalini.

Kulemewa na joto, au kiharusi cha joto, ni kisa kingine. Kijana wa mjengo anayebeba mawe juani Garissa au Lodwar hajaamriwa na ubongo wake kupata joto, limemshinda tu. Na hewa ikijaa unyevu, kama Mombasa mwezi Machi, jasho halikauki upesi na mwili hukosa njia ya kujipoza. Joto likipita nyuzi 40, mtu huanza kupayapaya, huzirai, na figo na ini huweza kuharibika.

Parasetamo haimfai huyu, maana dawa hiyo hurejesha kiwango ambacho kwake hakikubadilika. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji baridi na kupepewa papo hapo, hata kabla ya gari la kumpeleka hospitalini kufika.