Jumla ya kusonga: jua lita za siku zozote kwa kutoa mara moja

Mfugaji anapeleka maziwa kituoni kila asubuhi na kuandika lita kwenye daftari. Siku ya malipo anaambiwa idadi ya lita alizoleta kati ya tarehe fulani na fulani. Je, ni sahihi? Akianza kujumlisha siku moja moja, mstari ukirukwa tu hesabu inaharibika, na hizo ni fedha zake.

Ipo njia nyepesi: jumla ya kusonga, au jumla limbikizi.

Inavyoandikwa

Ongeza safu moja kwenye daftari. Kila siku chukua jumla ya jana, ongeza lita za leo, andika.

Siku ya 1: lita 8, jumla 8
Siku ya 2: lita 7, jumla 15
Siku ya 3: lita 9, jumla 24
Siku ya 4: lita 6, jumla 30
Siku ya 5: lita 8, jumla 38
Siku ya 6: lita 10, jumla 48
Siku ya 7: lita 7, jumla 55

Unataka lita za siku ya 3 hadi ya 6? Chukua jumla ya siku ya 6, yaani 48. Toa jumla ya siku ya 2, yaani 15. Jibu ni lita 33. Hakiki: 9+6+8+10 ni 33.

Angalia vizuri: unatoa jumla ya siku *iliyotangulia* ile ya kwanza. Ukitoa 24 ya siku ya 3, utapata 24, na lita 9 za siku hiyo zitakuwa zimepotea.

Ukurasa ukijaa, jumla ya mwisho iandike juu ya ukurasa mpya.

Dira ya maji hufanya hivyo hivyo

Ukiwa Mabawa au mtaa mwingine wa Jiji la Tanga wenye maji ya bomba, tazama dira. Hairudi sifuri kila mwezi, inaendelea kujumlisha. Kama mwezi uliopita ilisoma 412 na sasa inasoma 425, umetumia uniti 13, yaani lita 13,000. Ukiandika usomaji wa kila mwezi, unaweza kuhakiki ankara yako mwenyewe.

Kompyuta nazo

Bila safu hii, kujua jumla ya siku 300 ni kujumlisha namba 300. Ukiwa nayo, ni kutoa mara moja tu, ziwe siku 3 au 300. Ndiyo maana watengeneza programu huitumia kwenye orodha zenye mamilioni ya namba.

Namba ya zamani ikirekebishwa

Hapa ndipo penye gharama. Ikigundulika siku ya 4 zilikuwa lita 8 badala ya 6, jumla zote kuanzia siku ya 4 huongezeka 2. Za siku ya 1 hadi ya 3 hazibadiliki.

Kwa daftari, dawa ni kuanza jumla upya kila mwezi na kuweka jumla za miezi ukurasa wa peke yake. Kosa la Machi halitagusa kurasa za Aprili. Utarekebisha tu jumla za Machi kuanzia siku ya kosa na ukurasa wa miezi. Kwa kompyuta, mwaka 1994 Peter Fenwick wa New Zealand alichapisha mpango wa kutunza jumla kwa mafungu. Kwenye orodha ya namba milioni moja, sahihisho huhitaji hatua kama 20 tu.

Kwa hiyo kabla ya siku ya malipo, fungua daftari, toa mara moja kwa kikokotoo cha simu, kisha linganisha na hesabu ya kituo.