Claude-Ferdinand Gaillard na Suala la Mstari katika Uchongaji wa Picha za Watu

Claude-Ferdinand Gaillard alizaliwa Paris mwaka 1834. Alisomea uchoraji kwa Léon Cogniet, huku akijikimu kwa kuchonga vielelezo vya majarida ya mavazi. Mwaka 1856 alitunukiwa Tuzo ya Roma katika fani ya uchongaji wa chapa, tuzo iliyotarajiwa kumfungulia mshindi milango ya heshima. Hata hivyo, mwaka 1863 chapa yake ya picha ya Giovanni Bellini ilikataliwa na waamuzi wa Salon, ikaonyeshwa miongoni mwa kazi zilizokataliwa, pamoja na zile za Manet.

Kiini cha mgogoro kilikuwa mstari. Mafunzo ya kiakademia yalimtaka mchongaji aufunike uso wa mtu kwa mistari sambamba inayopinda kufuata umbo la shavu au paji, kisha aikatishe kwa mistari mingine ili kupata kivuli. Ustadi ulipimwa kwa uzuri wa mistari yenyewe. Gaillard aliichonga kwa wembamba uliofanya jicho lisiione tena, bali lione ngozi. Lawama dhidi ya mtindo huu hazikuwa za kipuuzi: upigaji picha ulikuwa tayari unamnyang'anya mchongaji kazi ya kunakili, na chapa inayoficha mkono wa fundi ilielekea kufanana na mshindani wake.

Jibu la Gaillard lilipatikana katika kazi. Mwaka 1869 *Gazette des Beaux-Arts* ilitoa chapa yake ya mzee aliyeshika ua, kutokana na mchoro uliodhaniwa wakati huo kuwa wa Jan van Eyck, ingawa watafiti wa baadaye wameuhusisha na mfuasi wake. Makunyanzi, masikio makubwa na manyoya ya kola vimepewa kila kimoja mchongo wake. Kamera hupokea vyote kwa usawa. Hapa kila kitu kimeamuliwa.

Uamuzi huohuo unaonekana katika picha alizobuni mwenyewe, hasa za Papa Pius IX (1873) na Dom Guéranger, abati wa Solesmes. Aliyeanza kama mnakili alikuwa sasa mtunzi wa nyuso, na serikali ikamkabidhi kuchonga Mona Lisa na Karamu ya Mwisho za Leonardo. Alifariki Paris mwaka 1887 kabla ya kuzikamilisha.